Jambiani wakati wa masika: mwongozo kamili wa kwenda kijiji cha pwani na mvua zake

Ukimwambia mtu wa Dar unaenda Zanzibar mwezi wa nne atakuangalia mara mbili afu atakuambia bwana subiri Juni. Namuelewa, maana picha zote za Jambiani zinazozunguka mitandaoni ni za jua kali, mchanga mweupe kama unga, minazi imeinama na ngalawa imetulia kwenye maji ya kijani, hakuna anayeposti masika. Lakini mi nimeshaenda Jambiani na mvua mara nne sasa, mara mbili nikiwa na watoto, na nakuambia kabisa kijiji kile ukikikuta wakati wa masika unakikuta chenyewe. Wageni wachache, watu wana nafasi ya kukaa na wewe barazani, bei zinaongeleka, na bahari inatoa rangi ambazo kwenye jua huzioni, inakuwa kijivu kule mwambani, kijani iliyokolea katikati, afu huku karibu karibu inang'aa kama bati.

Sharti ni ujue kupanga siku. Anayekaa chumbani kusubiri jua ndo anayerudi analalamika kapoteza hela. Wenyeji wa pale hawasubiri jua, wanaangalia maji yanakupwa saa ngapi na upepo unatoka wapi, basi, mvua wanaipangia pembeni. Ukifanya kama wao utafaidi hata wiki ambayo imenyesha kila siku.

Hatua ya 1: Jua unaingia msimu gani

Hali mbaya ya pwani yetu iko ya aina mbili na watu wanazichanganya. Masika ni Machi mpaka Mei, Aprili ndo yenyewe na mwanzo wa Mei unaweza kuwa mzito vilevile, hapo tunaongelea mvua kubwa, radi, madimbwi, na upepo usioeleweka. Halafu kuna kusi, huu ni upepo wa kutoka kusini unaoanza kushika masika yakielekea mwisho na unaenda mpaka karibu Septemba, mvua yake ndogo lakini Juni na Julai unavuma kwelikweli, na Jambiani kwa vile iko mashariki ya Unguja inaupokea kifuani. Vuli za Oktoba mpaka Desemba nazo zipo ila mara nyingi ni mvua za kupita. Hapa nazungumzia masika hasa, ila mambo ya boti na upepo yachukue hata kama unaenda Julai.

Hatua ya 2: Chagua tarehe kwa kuangalia mwezi wa angani

Hii hatua karibu wote wanairuka, na mimi ndo ninayoipa uzito kuliko zote, kwa hiyo nivumilie nieleze taratibu.

Jambiani ina mwamba mbali kule baharini, unauona kama mstari mweupe ambapo mawimbi yanavunjikia. Kati ya mwamba na ufukwe kuna maji ya kina kifupi. Maji yakijaa yanafika mpaka kwenye kuta za nyumba za mbele, yakikupwa yanaondoka mbali sana kiasi kwamba unatembea kwa miguu mahali ambapo saa sita zilizopita ngalawa ilikuwa inaelea. Mara mbili yanajaa na mara mbili yanakupwa kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana yake.

Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, yaani mwezi mosi hivi na mwezi kumi na tano hivi (tarehe za mwezi wa Kiislamu), pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, kuna bamvu. Wakati wa bamvu tofauti kati ya kujaa na kukupwa inaweza kufika karibu mita 4, maji yanajaa kama saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na yanakupwa kabisa kama saa nne saa tano asubuhi. Wiki moja baadae ni maji mafu, hayajai sana wala hayakupwi sana, na saa zinageuka, asubuhi saa nne yamejaa na jioni saa kumi yamekupwa.

Sasa maana yake kwako: ukienda siku za bamvu asubuhi zako ni za kutembea baharini kuangalia mashamba ya mwani na kina mama wanaotafuta pweza, alasiri ni za kuogelea. Ukienda siku za maji mafu unaogelea asubuhi, na pweza anakuwa wa shida maana mwamba haufunuki vizuri. Wakati wa masika mi napenda bamvu, kwa sababu moja ya kawaida tu, mvua nyingi nilizozikuta kule zilipiga usiku na alfajiri, ikifika saa nne asubuhi mara nyingi imekatika na bahari imekauka wakati huohuo, unapata masaa mawili matatu ya dhahabu. Sio kila siku, zipo siku mvua inanyesha kutwa, nitazifikia.

Kama unatumia kalenda ya Kiislamu ni rahisi, angalia tarehe tu. Kama huitumii tafuta jedwali la maji kujaa na kupwa la Zanzibar kwenye simu, piga skrinshoti kabisa kabla ya kuondoka.

Hatua ya 3: Soma utabiri wa TMA, sio picha ya wingu kwenye simu

Ile programu ya hali ya hewa iliyokuja na simu itakuonyesha wingu na radi siku saba mfululizo, mtu anaangalia anakata tamaa anaghairi. Haikuambii mvua inanyesha saa ngapi wala bahari ikoje. We nenda kwenye taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, wanatoa za kila siku na za siku tano zijazo zenye tahadhari. Jifunze maneno yao matatu: angalizo ni rangi ya njano, tahadhari ni rangi ya chungwa, tahadhari kubwa ni nyekundu. Na usisome neno mvua tu, tafuta mstari wa upepo na mawimbi kwa ukanda wa pwani. Mvua itakulowesha, ila kitakachoamua kama unavuka au huvuki ni mawimbi.

Mimi kanuni yangu: angalizo la mvua naenda. Angalizo la upepo na mawimbi napiga simu ofisi ya boti kwanza. Tahadhari ya mawimbi sisafiri na familia, nasogeza tarehe. Nyekundu hakuna mjadala. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani yetu, boti kati ya Dar na Zanzibar zilisimamishwa, na watu walikuwepo bandarini wanalalamika. Mi nakumbuka tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ilipozama karibu na Chumbe ikitoka Dar kwenda Unguja kwenye upepo mkali, watu wengi sana walipotea siku ile. Boti ikisimamishwa shukuru, rudi nyumbani.

Hatua ya 4: Chumba

Hoteli nyingi za ukanda ule zinafunga Aprili na Mei kwa ukarabati, kwa hiyo usiende kichwakichwa ukadhani utapata tu ukifika. Piga simu au tuma meseji ya WhatsApp, uliza haya bila aibu:

Mko wazi kweli tarehe hizo, na jiko linafanya kazi? (Wapo wanaopokea wageni huku mpishi kaenda kwao.)
Paa ni makuti matupu au chini yake kuna bati? Makuti mazuri hayavuji, makuti ya zamani utahamisha kitanda usiku.
Umeme ukikatika kuna jenereta au sola, na linawashwa saa ngapi mpaka saa ngapi?
Dirisha linafunga vizuri au ni wavu tu?

Hilo la jenereta nimelijua kwa machungu. Sehemu moja niliambiwa jenereta lipo, nikafika kweli lipo, limekaa pale na kutu, mafuta hakuna, tukalala siku mbili na mshumaa na mtoto mdogo na joto. Siku hizi naomba mtu anirekodie video likiwa linaunguruma, na wanaojiamini wanatuma.

Ushauri wangu, usichukue chumba cha mbele kabisa ya bahari. Najua ndo ndoto ya kila mtu, lakini siku upepo ukigeuka utalala unasikia mlango unagongwa usiku kucha na chumvi inaingia mpaka kwenye shuka. Chukua nyumba ya mstari wa pili, zile za mawe ya matumbawe zenye kuta nene, zina joto la wastani na ukuta unazuia kelele. Bei yake pia iko chini. Masika omba punguzo, na kama unakaa siku nne au zaidi omba tena, kipindi hiki wanakubali.

Hatua ya 5: Begi

Koti la mvua jepesi, mwamvuli acha, upepo wa kule unaugeuza siku ya kwanza tu. Viatu vya kuingia navyo majini, raba za zamani au zile za plastiki zinazofunga kisigino, maana chini kuna mawe makali na wale wadudu wa miiba meusi mirefu, ukikanyaga mmoja safari imeisha. Ndala za kawaida zinabaki kwenye tope na wewe unaenda. Kanga mbili au kikoi, hii sio urembo, nguo ikilowa inabana mwili na pale ni kijijini kwa watu wenye heshima zao, unajifunga unapita. Chandarua kama huna uhakika na cha chumbani, dawa ya mbu, tochi ya kichwani, pawa benki iliyojaa fulu, dawa zako, ORS, na vidonge vya kuzuia kutapika.

Mifuko ya plastiki usibebe, bara ilipigwa marufuku Juni 2019 na visiwani hata kabla ya hapo. Mimi natumia ndoo ndogo ya lita tano yenye mfuniko wa kubana, simu, hela, nguo kavu seti moja, yote humo. Ikidondoka majini inaelea. Watoto wanaikalia. Ukifika unafulia humohumo. Hakuna begi la gharama lililonifaa zaidi ya hiyo ndoo.

Hela toa mjini kabla ya kwenda shamba, taslimu, ya kutosha siku zote. Mvua kubwa ikipiga, umeme ukaenda, mtandao nao unasuasua, na huwezi kumwambia mama wa mgahawa asubiri mpaka muamala urudi.

Hatua ya 6: Kuvuka

Kata tiketi ofisini kwao au kwenye mtandao wao, sio kwa mtu anayekukimbilia getini. Kitambulisho mkononi, mgeni wa nje awe na pasipoti na ile bima ya lazima ya Zanzibar iliyoanza Oktoba 2024.

Chukua boti ya asubuhi, bahari huwa imetulia kidogo kuliko mchana. Boti ya kasi inachukua kama masaa mawili. Kaa chini, katikati kuelekea nyuma, sio mbele wala juu, mbele ndo panaruka. Kula kidogo, mkate mkavu na chai ya tangawizi, usiende na tumbo tupu na usile chipsi mayai. Kidonge cha kutapika unameza kabla, kama nusu saa mpaka saa moja kabla ya kuondoka, ukimeza ukiwa umeshaanza kutapika kinarudi nacho. Macho mbali kwenye upeo wa bahari, simu weka ndani ya ndoo. Kwenye kusi ujue safari ya kutoka Unguja kuja Dar ndo ngumu zaidi, mnakwenda mkikabili mawimbi uso kwa uso.

Ukishuka Malindi, bandari ya mjini Unguja, pita papasi (wale madalali wa wageni) kwa upole, "ahsante kaka, nina mwenyeji", inatosha.

Hatua ya 7: Kufika kijijini

Daladala ya Jambiani ni namba 309. Vituo vya mjini vimehamahama siku hizi kwa hiyo muulize mtu wa duka palepale inapakilia wapi. Nyingi ni zile za pembeni wazi, mvua ikija konda anateremsha turubai mnakaa humo gizani na magunia na ndoo za watu, mi naipenda, watoto wangu nao, lakini kama una mizigo mingi au mzee kodi gari ndogo. Lami inafika, tatizo ni vichochoro vya kushuka baharini, masika vinakuwa madimbwi usiyoyajua kina. Mwambie dereva akushushe barabarani utembee, kuliko gari ikwame mwanze kusukuma.

Ukiwa unatembea salimia kila mtu. Mkubwa shikamoo, wa rika lako assalaam alaykum au habari. Mvua ikikukuta njiani kuna baraza karibu kila nyumba, piga hodi, utaambiwa karibu kaa. Mimi marafiki zangu wote wa Jambiani nimewapata kwa kukimbia mvua.

Jioni ya kwanza fanya kitu kimoja tu, shuka ufukweni utafute wazee wanaokaa kwenye ngalawa zilizopandishwa. "Babu shikamoo." "Marahaba mwanangu." "Kesho bahari vipi?" Atatazama kule mwambani kwanza, halafu mawingu, ndo atakujibu, na jibu lake ni la uhakika kuliko simu yako. Akisema bahari chafu, chafu, usibishane.

Hatua ya 8: Asubuhi ya maji kukupwa

Toka maji yakiwa bado yanaondoka, yaani saa moja na nusu hivi kabla ya kukauka kabisa, ili upate muda wa kwenda na wa kurudi. Nenda na mwenyeji, kijana wa pale au mama mwenye shamba, mkubaliane malipo kabla. Kilimo cha mwani kilianza Zanzibar 1989 na Jambiani na Paje ni miongoni mwa vijiji vya mwanzo kabisa, kwa hiyo utakuta wamama ambao wamelima tangu usichana wao. Vijiti vimechomekwa mchangani safu kwa safu, kamba zimevutwa katikati, mwani umefungwa kwa vikamba vidogo. Usikanyage kamba. Usipige mtu picha bila kuomba, yuko kazini.

Masika kazi yao inakuwa mara mbili, na hii nimeiona kwa macho yangu. Kuanika mwani kwenye jua zuri ni siku mbili tatu, kwenye mvua unaweza kuvuka wiki, na mwani uliokaribia kukauka ukinyeshewa maji ya mvua yanaosha chumvi na rangi, unabaki mweupe umelegea, mnunuzi anaukunjia uso. Mara ya tatu kwenda tulikuwa tunapita uani kwa watu mimi na mwanangu wa kwanza, wingu likatokea kusini jeusi kabisa, upepo ukakata ghafla, mama mmoja akatoka ndani mbio na turubai akaita "nyie, shikeni huku!" Hakuuliza sisi nani. Tukashika, tukawa tunakusanya ule mwani kwa mikono miwili, nje mkavu unakwaruza kama nyasi, ndani bado unateleza, unanukia bahari mpaka kwenye kucha, tukausukuma wote katikati tukafunika tukaweka mawe pembeni, na jiwe la mwisho nikiwa nalo mkononi mvua ikashuka. Tulisimama kwenye mlango wa jiko lake tumelowa chapachapa, akatupa muhogo wa nazi kwenye sahani moja wote tule. Mwanangu mpaka leo akiona wingu Dar anauliza yule bibi kafunika?

Kwa hiyo ukiona watu wanakimbilia mwani, usisimame kupiga video, shika turubai.

Sasa hatari, hapa nisikilize. Ukiwa katikati ya bahari iliyokauka wewe ndo kitu kirefu kuliko vyote, hakuna mti hakuna ukuta. Ukiona umeme wa radi anza kuhesabu taratibu, ngurumo ikifika kabla hujamaliza 30 geuka urudi, na ukishafika ndani subiri nusu saa tangu ngurumo ya mwisho kabla ya kutoka tena. La pili, maji yanaporudi hayaji kama ukuta kutoka mbele, yanajaza kwanza mifereji iliyoko kati yako na ufukwe, unageuka unakuta mahali ulipopita pakavu sasa panakufika kiunoni. Mwenyeji wako akisema turudi, rudi, hata kama mvua imekatika na mandhari ndo kwanza imependeza.

Hatua ya 9: Kuogelea na vyombo

Ogelea maji yakiwa yamejaa, ndani ya mwamba, karibu na watu. Kaa mbali na mlango, ule uwazi kwenye mwamba ambapo ngalawa hupitia kutoka nje, maji yakianza kukupwa yanakimbilia pale kwa nguvu na yanakwenda na mtu. Baada ya mvua kubwa maji ya karibu na ufukwe yanakuwa na uchafu wa nchi kavu, subiri yabadilike mara moja, yaani yakupwe na yajae tena.

Ngalawa kwenda nje ya mwamba wakati wa masika mimi sipandi, na nahodha mzuri atakukatalia mwenyewe. Dalili za dhoruba ya ghafla ni zile nilizosema, wingu jeusi la chini, upepo unakata, joto linakuwa zito, halafu upepo wa baridi unakupiga. Kuanzia hapo una dakika chache tu. Ndani ya mwamba kukiwa shwari panda, ila laifu jaketi livaliwe na kila mtu, sio likaliwe.

Pomboo wa Kizimkazi waache mpaka msimu mwingine. Ukifika Kizimkazi siku ya mvua nenda kaone msikiti wa Dimbani, una maandishi ya Kikufi (mwandiko wa zamani wa Kiarabu) ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107, omba ruhusa, vaa kwa heshima, vua viatu.

Hatua ya 10: Siku ya mvua ya kutwa

Itakuja siku hiyo, moja au mbili. Mpango wangu ni huu. Asubuhi nakaa jikoni kwa mwenyeji, najifunza kukuna nazi kwa mbuzi na kupika, namlipa kama darasa, maana muda wake una thamani. Mchana naenda baraza yenye paa, wazee wanacheza bao, kuna kahawa chungu na kashata, ukikaa kimya dakika ishirini mtu atakufundisha bila kuombwa. Au unawatafuta kina mama wanaosuka ukili au wanaosokota kamba za makumbi. Hayo makumbi ya nazi yanafukiwa kwenye mchanga wa bahari kwa miezi, yanafukuliwa, yanapondwa ndo yanasokotwa. Ukinunua nunua kwao, usipige bei mpaka chini.

Kama una gari, Jozani iko njiani, msitu wa kima punju, mvua ikikatika tu nenda, wanatoka kula na wageni ni wachache. Njia ya mbao kwenye mikoko inateleza.

Chakula: agiza mapema, asubuhi kwa ajili ya mchana, mchana kwa ajili ya usiku, kuni zimelowa na kila kitu kinapikwa kuanzia mwanzo. Na usikariri menyu. Upepo ukiwa mkali ngalawa hazitoki, samaki wa nje hakuna, utakula dagaa, maharage ya nazi, muhogo, na ni vizuri. Bamvu likiwepo pweza yupo, kwa sababu kina mama wanamfuata kwa miguu mwambani. Ramadhani ikiangukia safari yako, mchana usile wala kunywa hadharani, jioni utafuturishwa mpaka ushindwe kutembea.

Hatua ya 11: Afya

Ardhi ya Jambiani ni mawe ya matumbawe yenye matundu, mvua ikinyesha maji ya juu yanazama moja kwa moja mpaka kwenye visima pamoja na kila kilichokuwa juu. Kwa hiyo maji ya kunywa ni ya chupa au yaliyochemshwa, ya kupigia mswaki pia, tumbo likiharibika ORS haraka na kituo cha afya bila kusubiri kesho. Malaria Unguja imeshuka sana lakini haijaisha, chandarua lala ndani yake. Kidonda cha matumbawe kioshe kwa maji safi na sabuni siku hiyohiyo hata kama ni mkwaruzo, masika vidonda havikauki. Likitokea jambo kubwa kijijini, mtafute sheha, kiongozi wa serikali pale kijijini, ndiye anayejua gari la nani lipo.

Hatua ya 12: Kurudi

Acha siku moja ya akiba kabla ya kazi au ndege. Mwaka mmoja nilikata tiketi ya Jumapili jioni nina kikao Jumatatu saa mbili, boti zikasimamishwa, nikafika Dar Jumanne. Tangu hapo narudi Ijumaa au Jumamosi.

Asubuhi ya kuondoka usitoke Jambiani kwanza. Kwenda bandarini ni zaidi ya saa moja, ukifika ukaambiwa hakuna boti umebaki mjini na mizigo iliyolowa na foleni ya watu wote waliokwama kama wewe. Piga simu ofisi ya boti ukiwa bado kijijini umekaa barazani, uliza ya leo inaondoka, na kama haiondoki uliza tiketi inasogezwaje, andika jina la aliyekujibu. Wakisema inaondoka, panda 309. Wakisema haiondoki, rudisha ndoo ndani, mwambie mwenye nyumba unaongeza usiku mmoja, afu muulize leo mwezi ngapi, maana kama ni bamvu kina mama wanashuka saa mbili unusu na pweza inabidi umuwahi kumuagiza.